"Kuona si lazima kukanyaga": pakeji ya Mwanza iliyomdhalilisha mama mkwe wangu

Nimekaa na jambo hili tangu shule zilipofungwa, nikijiambia hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nazo.

Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na wewe utawatambua kwa tangazo lao: Mwanza siku mbili, bei ya chini ya kushangaza, na chini yake kwa herufi kubwa KILA KITU KIMO. Gari, muongoza wageni, chakula, boti, viingilio. Niliwauliza kwa WhatsApp kabla sijatuma hata shilingi, "Na kiingilio cha Saanane kimo?" Nikajibiwa, "Kimo dada, wewe njoo na kamera tu." Ujumbe huo ninao mpaka leo.

Niliulizia Saanane kwa sababu safari nzima ilikuwa ya mama mkwe wangu. Mama ni mzaliwa wa Kwimba. Alipokuwa mwanafunzi walipakiwa kwenye lori kutoka Ngudu wakaletwa Mwanza, wakavushwa kwenda kisiwani kuona wanyama. Enzi hizo Saanane ilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali hapa nchini, ilianzishwa 1964. Simba wa kwanza kumwona maishani mwake alimwona pale. Tangu 2013 kisiwa ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ndogo kuliko hifadhi zote tulizonazo. Sasa mama anaishi nasi Dodoma, na wanangu wamesimuliwa majabali ya Saanane mpaka wanayajua kabla hawajayaona. Mwaka huu tukasema tumrudishe akapaone tena.

Siku ya kwanza gari lilichelewa. Sawa, magari huchelewa. Dereva, mtu mzima, alishuka, akavua kofia, akamsalimia, "Mwangaluka mayu." Mama alifurahi kusikia Kisukuma hata kuchelewa akakusahau. Huyo dereva namtoa kwenye lawama zote nitakazoandika hapa. Lakini muongoza wageni, kijana aliyekaa kiti cha mbele na simu mkononi, hakugeuza hata shingo. Shikamoo haikumtoka. Mama ana zaidi ya miaka sabini, yuko nyuma yake kwenye gari hilohilo, na kijana anaongea na simu. Nikanyamaza kwa sababu ya watoto.

Tukapelekwa Jiwe la Bismarck. Ni jiwe la kupendeza, watu wanalipiga picha kila siku na wana haki. Ila kwenye karatasi yao limeorodheshwa kati ya "vivutio vilivyolipiwa". Limelipiwa kwa nani? Mtu yeyote anayekwenda kupanda kivuko cha Kamanga analiona bure. Hapo ndipo nilipoanza kuisoma ile karatasi upya.

Kutoka hapo, badala ya kwenda botini, tukaingizwa dukani. Haikuwa kwenye ratiba. Vinyago, vitenge, mikoba, na dagaa waliofungwa kwenye mifuko mizuri yenye picha ya ziwa. Tulikaa humo muda mrefu kuliko tuliokaa Bismarck. Nilisimama karibu na kaunta nikaona daftari: muuzaji aliandika namba ya gari letu, pembeni akaandika tuko wangapi, kisha mstari ukaachwa wazi. Juu ya mstari wetu kulikuwa na magari mengine, na mistari yao ilishajazwa viwango vya fedha. Sihitaji kuelezwa zaidi. Dagaa walewale, ukienda mwenyewe Mwaloni Kirumba, wamerundikwa unachagua na kupimiwa kwa bei ya soko. Hatukununua kitu, na tangu tulipotoka mle kijana akanuna wazi kabisa, akawa anajibu maswali ya watoto kwa neno moja moja.

Sasa njooni kwenye boti, maana haya mengine yote ningeweza kuyasamehe.

Hatukuondokea kwenye ofisi ya hifadhi pale Capri Point. Tuliondokea kwenye gati la mtu binafsi. Laifu jaketi zilikuwa za watoto na za watu wazima wachache, nilipouliza nyingine ziko wapi nikaambiwa, "Ni hapo tu, dada." Ni hapo tu! Huu ni mji ambao MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika, tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Wengine wamezikwa Igoma, hapohapo Mwanza. Mtu anayefanya kazi ya boti Mwanza akakuambia "ni hapo tu" hastahili kukabidhiwa hata mtumbwi. Nahodha mwenyewe ndiye aliyevua lake akampa mama, na simlaumu kwa lolote, boti si yake.

Tukakaribia kisiwa. Majabali yale makubwa, miti imejibana katikati yake, pimbi wanaota jua. Mama alikuwa amevaa raba alizonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Akashika pindo la kitenge chake, akalikunja mpaka juu kidogo ya magoti, akalifunga fundo kiunoni, tayari kushuka. Boti ikapita. Ikaendelea kupita, ikazunguka upande wa pili, ikaanza kugeuza pua kurudi mjini.

Mama akauliza kwa upole, "Tunashukia wapi, mwanangu?"

"Hatushuki, bi mkubwa. Hapa tunaona," akajibu yule kijana muongoza wageni.

Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Akausoma, akanirudishia. "Imeandikwa kutembelea. Si tumekuja? Kuona si lazima kukanyaga, dada. Mkitaka kushuka mnaongeza hela, kila kichwa." Kisha akamtazama mama kuanzia kwenye zile raba hadi usoni, akasema: "Na hayo magoti, bi mkubwa, ungepanda mawe gani?"

Mama hakumjibu. Alifungua lile fundo, akashusha kitenge, akakinyoosha kwa viganja na kukaa. Mwanangu mkubwa akaniangalia mimi, nikaona anasubiri niseme kitu. Nilisema. Niliyoyasema sitayaandika hapa kwa kuwa yalikuwa mbele ya mkwe wangu, na sijutii hata moja.

Niwe mkweli kuhusu chakula: kilikuwa kizuri. Sato mzima wa kukaanga, ametoka kikaangoni, ugali wa moto, kachumbari, pilipili pembeni, kila mtu sahani yake. Yule mama wa mgahawa alimhudumia mama mkwe kama mzazi wake. Nikiwa pale mezani, tumbo limetulia, nilishaanza kujisemea labda ni huyu kijana tu, kampuni yenyewe haijui anachofanya njiani. Nikampigia mwenye kampuni, kwa nia njema kabisa, kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sasa dada, kwa bei ile ulitegemea nini?"

Kumbe anajua. Kumbe bei imepangwa hivyo tangu mwanzo! Kiingilio kinawekwa kwenye tangazo ili ulipe, kisha hukanyagi, na hela inabaki kwao.

Nilielewa vizuri zaidi kesho yake, tulipoachana nao tukaenda wenyewe ofisi ya TANAPA Capri Point. Kiingilio cha hifadhi hakilipwi mkononi mwa mtu. Unapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na stakabadhi inatoka ikionyesha mmelipiwa nini na kiasi gani. Kwa hiyo mtu akikuambia kiingilio chako kimo, mwambie akutumie hiyo stakabadhi kabla hujaingia botini. Kama ameshalipa, anayo. Kama hana, hajalipa, hata akuapie. Na sisi wananchi tunalipa kwa shilingi, kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni wa kutoka nje, kwa hiyo hata hicho walichotuibia si kikubwa. Hilo ndilo linalonichoma. Walimvunjia mama heshima kwa hela ambayo tungewapa wenyewe kama wangetuambia ukweli.

Askari wa hifadhi aliyetupokea alimpa mama mkono kushuka, shikamoo ikiwa imetangulia. Jaketi zilitosha wote. Kuvuka ni muda mfupi tu. Mama alipanda mawe, ndiyo, na magoti yaleyale, taratibu, akipumzika kila anapotaka, na hakuna aliyemharakisha. Tuliona swala pala wakitembea bila wasiwasi, tumbili wakavizia mkate wa watoto. Mama akatuonyesha upande ambao anakumbuka palikuwa na vizimba, akaonyesha walipopangwa mstari na mwalimu, akamtaja rafiki yake aliyelia alipomsikia simba. Mwanangu mdogo alimuuliza maswali mpaka akachoka kujibu. Kwa saa zile chache nilisahau kama kuna mtu nimemkasirikia. Saanane naisifu bila kubakiza, nendeni.

Mchana tukachukua teksi hadi Kisesa, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ambayo nayo ilikuwa kwenye pakeji yetu na sikuwa tayari kuiona kupitia dirishani. Mle mama ndiye aliyegeuka kuwa muongoza wageni. Alipofika kwenye ngoma na habari za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma vinavyoshindana, muongozaji wa pale alinyamaza kwa hiari akamwachia asimulie, akawa anaongezea tu alipoulizwa. Huo ndio uongozaji.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue pakeji kabisa. Sisemi hivyo. Mtu mgeni na jiji, ana watoto, ana mzee, hajui daladala za wapi zinaanzia wapi, anahitaji mtu wa kumwongoza, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa haki. Biashara hii ina leseni yake, TALA, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, ombeni kuiona. Ombeni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mkiambiwa mtume hela kwa namba ya simu yenye jina la mtu badala ya jina la kampuni, ulizeni kwa nini. Na kwenye ratiba, mahali palipoandikwa "kutembelea", wao wenyewe wawaandikie kwa maandishi kama mnashuka na kuingia, au mnapita. Hawahawa walionidanganya wanauza pia Serengeti ya siku moja kupitia geti la Ndabaka, barabara ya Musoma. Kibali cha kuingia hifadhini kina muda wake, kwa hiyo ukilipiwa kweli huna sababu ya kugeuzwa getini mapema. Na mkipitishwa pembeni ya hifadhi barabarani mkaonyeshwa pundamilia kwa mbali, hamjaingia Serengeti.

Nilikuwa nimewapa nyota mbili, moja ya dereva na moja ya sato. Leo nimesoma tena jibu lao la mwisho kwa malalamiko yangu, kwamba "mteja alibadili ratiba mwenyewe". Naziondoa. Dereva anastahili ajira kwingine, na sato ni wa mama wa mgahawa.

Na ninyi wa kampuni, mmenirudishia sehemu ya hela ya boti mkaandika "tumemalizana". Hatujamalizana. Viingilio vya Saanane na Bujora vya familia nzima bado mnavyo, nitumieni kwenye namba ileile niliyowalipia. Na kwa yale maneno ya magoti, msiniombe mimi samahani. Mpigieni mama mwenyewe.