Pampu ya maji iliyonguruma usiku: nilichofanya badala ya kununua mpya

Niseme mapema kwa mwenye haraka: pampu yangu ya nusu hospawa haikuwa ya kutupa. Ilihitaji beringi mbili, sili moja (kile kizuizi kinachozuia maji ya kichwa yasivuje kuelekea kwenye mota), na bomba lake kutenganishwa na ukuta wa chumba cha kulala. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya pampu mpya, na sasa watoto wanalala. Naandika kwa kirefu kwa sababu najua nyumba nyingi hapa Mwanza zina kelele kama hii, na watu wanabadilisha pampu nzima nzima bila sababu.

Tunaishi Isamilo, mlimani. Anayekaa huku, au Mabatini, au Igogo juu, anajua habari ya maji. Maji ya bomba hupanda huku pale presha inapokuwa nzuri, na kwetu hiyo ni usiku, watu wa chini wakishafunga mabomba yao. Tangi letu la chini ni la lita 1,000 na la juu, lililo kwenye mnara, ni la lita 2,000. Kwa hiyo maji yakianza kuingia saa tano au sita usiku, ni lazima tuyapandishe usiku huohuo ili la chini lipate nafasi ya kupokea mengine. Ukisubiri asubuhi umebaki na lita 1,000 za kufulia, kupikia na kuogea watu saba. Ndiyo maana lile jibu rahisi la "basi iwasheni mchana" kwetu halifanyi kazi.

Pampu yenyewe ni zile ndogo za bei nafuu ambazo kila duka la vifaa vya maji wanazo. Kibati chake kinasema inasukuma hadi mita 35. Kwetu kutoka chini hadi juu ni kama mita 12, na kila mita 10 za kupanda ni sawa na bar 1 ya presha, kwa hiyo kazi tunayoipa ni ya kawaida kabisa. Miezi ya mwanzo ilikuwa na sauti ya kuvumilika. Kisha ikaanza kunguruma, na ndani ya ule mngurumo kukawa na mlio mwembamba wa chuma kinachosagana. Kitandani ilisikika kama mashine ya kusaga imewekwa nyuma ya ukuta. Kibaya zaidi ni kwamba nyuma ya nyumba kuna jabali kubwa, na sauti ikigonga pale inarudi kwa majirani. Mzee wa nyumba ya chini yetu, mtu mpole sana, alinisimamisha njiani akaniambia, "Mwanangu, hiyo pampu inaumwa. Itafutie fundi." Niliona aibu, kwa sababu mzee yule ana presha na anahitaji kulala.

Fundi wa kwanza aliletwa na duka tulikonunulia. Aliiwasha, akaisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema imekwisha, tuchukue nyingine kwa 140,000. Hakufungua hata skrubu moja. Sikukubali, na sababu yangu ilikuwa moja tu: tangi la juu lilikuwa bado linajaa kwa muda uleule wa siku zote. Pampu iliyochoka inachelewesha maji. Hii ilikuwa inapiga kelele lakini kazi inafanya. Kama na yako iko hivyo, usikubali kuambiwa imekwisha mpaka mtu aifungue.

Wifi yangu anayekaa Nyakato ndiye aliyenipa fundi wa pili, kijana anayesuka mota. Huduma yake ndiyo hasa ninayotaka kuisifia hapa. Alichelewa, hilo nitalirudia, lakini alipofika aliniambia, "Dada, washa, halafu tusiongee." Akatoa bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa pampu, upande wa kichwa maji yanakopita, na mpini akauegemeza sikioni. Akahamisha ncha upande wa mota, mbele, kisha nyuma karibu na feni. Akanipa na mimi nisikilize. Upande wa kichwa nilisikia mtiririko wa maji tu. Upande wa mota, pale inapokutana na kichwa, nilisikia mkwaruzo mkavu usiokatika. Ukitaka kujaribu hili, shika sehemu za nje zisizozunguka tu, funga nywele na nguo vizuri, na hakikisha pampu ina waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini.

Akachomoa umeme, akatoa kifuniko cha feni nyuma, akaizungusha feni kwa kidole. Beringi nzima huzunguka laini na kimya. Yetu ilikuwa inashikashika, unaisikia kwenye kidole kabla ya sikio. Fundi mwingine angeishia hapo: badilisha beringi, chukua hela. Huyu aliuliza kwa nini beringi ya mbele iharibike kabla ya ile ya nyuma. Akanionyesha mstari wa kutu chini ya shingo ya pampu. Kati ya kichwa na mota kuna uwazi mdogo ulioachwa kusudi, ili maji yakivuja kwenye sili yadondoke chini yasifike kwenye beringi. Uwazi wetu ulikuwa umezibwa na saruji ya wale waliopiga lipu. Sili ilikuwa imelika, maji yakakosa pa kutokea, yakaingia kwenye beringi na kuosha grisi yote. Tungebadilisha beringi peke yake, mpya nazo zingekufa vilevile.

Na sili ililiwa na nini? Mchanga. Alipofungua kichwa nikaiona impela, kile kigurudumu cha shaba chenye meno ukingoni, ina mikwaruzo ya duara. Pampu za aina hii zina nafasi nyembamba mno kati ya impela na mwili wake, haziwezani na maji yenye mchanga. Baada ya bomba la mtaani kukatika na kuungwa, maji ya kwanza huja na tope, na tope hilo linatulia chini ya tangi. Tuliosha tangi na kuweka chujio kabla ya pampu. Chujio ni la kusafisha mara kwa mara, la sivyo nalo litakuwa chanzo cha kelele nyingine.

Beringi zetu ni namba 6201: tundu milimita 12, nje milimita 32, unene milimita 10. Namba imechapwa pembeni ya beringi yenyewe, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Chukua zilizoandikwa 2RS, zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Zile za kifuniko cha bati zinafaa mahali pakavu, hapa kwenye maji mpira unakinga zaidi.

Tulipowasha, ule msagano ulikuwa umekwisha kabisa. Lakini chumbani bado kulikuwa na mvumo mzito. Nikagusa bomba linalopanda ukutani nikalikuta linatetemeka. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota hizi huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, yaani kama mara 50 kila sekunde. Mtetemo huo unasafiri kwenye bomba gumu, unaingia kwenye vibana, vibana viko kwenye ukuta, na ukuta mzima unavuma. Pampu inaweza kuwa nzima kabisa na nyumba bado ikalia. Fundi alikata kipande cha bomba upande wa kutolea maji, akaunga bomba la mpira lenye nyuzi, lisilozidi urefu wa mkono. Chini ya pampu akaweka mpira mzito na kwenye kila kibana cha ukutani akazungushia kipande cha mpira. Hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa kuliko hata ya beringi.

Tahadhari: bomba hilo la mpira usiliweke upande wa kunyonya kama ni laini. Linajikunja kwa ndani likinyonywa, maji yanabanwa, na pampu inaanza kutoa sauti ya changarawe. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na pampu inanyonya kwa shida zaidi kidogo kuliko kule pwani. Bomba la kunyonya liwe gumu, fupi na nene kadiri unavyoweza.

Kaka yangu anaishi Uingereza, na nilipomsimulia akasema naye amepitia hayohayo, ila yake ni pampu inayozungusha maji ya moto kwenye mabomba ya kupashia nyumba wakati wa baridi. Kelele yake ilitokana na hewa iliyonaswa kwenye mfumo na kasi ya pampu kuwekwa juu kuliko inavyohitajika. Wakatoa hewa, wakashusha kasi, ikanyamaza. Zile nyingi zina kasi tatu za kuchagua. Zetu hizi hazina. Ila somo la hewa linatuhusu: yunioni, kile kiungo cha bomba kinachofunguka, ya upande wa kunyonya ikilegea hata kidogo, haivuji maji, inavuta hewa, na huoni tone lolote la kukuonyesha. Kaza, weka tepu upya, kisha jaza kichwa cha pampu maji kabla ya kuwasha.

Kuna sauti moja ambayo si ya kusubiri fundi. Pampu ikivuma bila kuzunguka, izime sekunde hiyohiyo. Ni kapasita (kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) imekufa, au impela imeganda, au umeme ni mdogo, na ukiiacha dakika chache mota inaungua. Jioni umeme ukishuka na taa zikififia, mimi siiwashi kabisa.

Bei nilizolipa: beringi mbili 12,000, sili 6,000, bomba la mpira na vibana vyake 10,000, mpira wa chini 4,000, ufundi 30,000. Jumla 62,000. Pampu yenyewe naipa alama tatu kati ya tano. Inapandisha maji vizuri na vipuri vyake vinapatikana mjini, lakini sili ya kiwandani ni dhaifu na duka halikutupa neno lolote kuhusu mchanga. Fundi nampa nne. Alama ya tano imeondoka kwa sababu alisema asubuhi akaja jioni bila kupiga simu, na mtu mwenye ndoo tupu hawezi kukaa siku nzima akingoja. Lakini aliniachia beringi za zamani nizione, akaniandikia namba zake kwenye karatasi, na hakunidai hata shilingi kwa kurudi kukaza yunioni.

Lililobaki ni dogo. Tangi la chini likikaribia kuisha, pampu bado inatoa ile sauti ya changarawe kwa sababu inavuta maji pamoja na hewa. Nimenunua swichi ya boya itakayoikatia umeme yenyewe kabla maji hayajashuka kufikia tundu la bomba, na fundi anakuja kuifunga Jumamosi.