Televisheni niliyouziwa kwa jina la Kodi, na muuzaji aliyeniita mwizi wa mpira

Kioo cha televisheni hii ni kizuri, na ninalisema hilo mapema kwa makusudi, kwa sababu nikishaanza kumzungumzia muuzaji huenda nisikumbuke tena kulisema. Inchi na idadi ya matundu ya HDMI zimeandikwa kwenye boksi, sitazirudia. Mwanzoni mwa mwaka huu niliingia katika duka moja la Kariakoo, nikataka televisheni janja itakayofanya kazi na Kodi, programu ya kuchezea video na muziki, nikahakikishiwa kwamba ndiyo hii, na nilipoirudisha kwa kuwa haikufanya kazi nikaitwa mwizi mbele ya watu.

Hitaji langu halikuwa la anasa. Nina diski ya nje iliyojaa harusi za ndugu zangu zilizonakiliwa kutoka kwenye DVD, pamoja na kanda za VHS ambazo fundi alizigeuza kuwa faili kabla ukungu haujazimaliza. Kicheza video kinachokuja ndani ya televisheni nyingi za bei nafuu huonyesha picha za faili kama hizo bila sauti, kwa sababu sauti za DVD nyingi ziko katika mfumo wa AC-3 wa Dolby au wa DTS, mifumo ambayo kwa kawaida mtengenezaji huilipia leseni, na anayetaka kupunguza gharama huanza na leseni. Matokeo yake niliyaona kwenye televisheni yangu ya zamani: bibi harusi anashuka garini, wapiga matarumbeta wamemzunguka, mashavu yamewavimba na jasho linawatiririka, na hakuna hata mlio mmoja unaosikika. Kodi, na vilevile VLC, programu nyingine ya kuchezea video, hazitegemei leseni ya televisheni. Zimebeba ndani yake uwezo wa kufungua karibu kila aina ya picha na sauti. Ndiyo maana nilizihitaji.

Yote haya nilimweleza kijana wa dukani, ambaye siku hiyo alinipa shikamoo iliyoshiba na kunivutia kiti. “Mzee wangu, hii ni Android, kila kitu kinaingia,” alisema, akaiwasha, na kweli alama ya Kodi ilikuwapo kwenye skrini. Alichoficha, au asichokijua, ni kwamba Android na Android TV ni vitu viwili. Android TV, ambayo Google iliitoa mwaka 2014 na ambayo siku hizi huonekana zaidi kwa sura ya Google TV, ilitengenezwa kwa ajili ya skrini ya sebuleni na rimoti, na duka lake la programu huonyesha zile zinazokubaliana nayo. Niliyouziwa ina Android ileile ya kishikwambi iliyovishwa nguo za televisheni, na rimoti yake ina kitufe cha kuita mshale wa kipanya, ambao unauburuza kwenye skrini hadi kidole gumba kife ganzi.

Nyumbani Kodi ilifunguka, ikaanza kuorodhesha faili za kwenye diski, skrini ikawa nyeusi, kisha tukarudishwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa televisheni. Ikawa ndiyo hali ya kila jioni. Nikapakua toleo jipya kutoka tovuti ya Kodi wenyewe. Lile la biti 64 lilikataa kusakinishwa, kwani televisheni nyingi, hata zenye kichakataji cha biti 64, huendeshwa na mfumo wa biti 32. La biti 32 likaingia bila ubishi. Skrini ikawa nyeusi tena, safari hii mapema zaidi. Kumbukumbu ya gigabaiti moja, inayogombewa na kila programu inayojiwasha yenyewe humo ndani, haikuweza kuibeba maktaba yangu.

Niliporudi dukani na risiti ya mashine, karatasi ya dhamana, na televisheni yenyewe ikiwa ndani ya bajaji, shikamoo haikuwapo. Kijana yuleyule hakuinuka. Aliniuliza “Unasemaje?” huku macho yake yakiwa kwenye simu, na nilipotaja Kodi akaangua kicheko na kuwageukia wateja wengine: “Mzee anataka kuangalia mpira wa wizi, TV ikigoma anatuletea sisi.” Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa akichagua pasi alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Nikamwomba kijana achomeke diski yangu ili aone mwenyewe kwamba ni harusi za ndugu zangu. Akajibu kuwa hachomeki diski za watu, zina virusi, kisha akanionyesha kwa kidole maneno yaliyo chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Na dhamana je? Dhamana, alisema, ni ya kioo kuwaka, na kioo kinawaka.

Mwizi wa mpira, mimi! Kodi huja tupu, haina filamu wala chaneli hata moja. Inacheza kile ulicho nacho. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la XBMC, ikiwa programu ya kuchezea video kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ikachukua jina la sasa mwaka 2014, na wanaoitengeneza wamejitenga hadharani mara nyingi na wafanyabiashara wanaoijaza viongezi vya kunasa matangazo ya watu bila malipo na kuiuza hivyo. Wafanyabiashara gani hao? Wa aina ya duka hilohilo. Nyuma ya kijana, juu ya rafu, vilipangwa visanduku vya Android vyenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MPIRA WOTE BURE, HAKUNA KULIPIA. Niliisoma kwa sauti. Safari hiyo hakuna aliyecheka, na televisheni sikurudishiwa fedha yake vilevile.

Hata hivyo bidhaa yenyewe ina haki yake. Mpwa wangu aliniletea kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye LibreELEC, mfumo ambao kazi yake ni kuendesha Kodi tu, tukaichomeka kwenye HDMI. Kwa njia ya CEC, ambayo hupitisha amri za rimoti ndani ya waya huohuo wa HDMI, rimoti ya televisheni ikaiendesha Kodi bila kuhitaji rimoti ya pili. Matarumbeta yakalia. Dada yangu alitoka jikoni mwiko ukiwa mkononi. Usiku huo ningeitetea televisheni hii mbele ya yeyote: rangi zimetulia, weusi ni weusi kweli, na zile kanda za VHS, ambazo kwetu ni za mfumo wa PAL wa fremu (picha) 25 kwa sekunde, zilikwenda bila kusitasita kwa kuwa Kodi iliweza kuihamishia skrini kwenye hezi 50, yaani kuchora picha mara 50 kwa sekunde, badala ya 60.

Lakini kila inapowashwa hukataa kwenda HDMI moja kwa moja. Sharti kwanza ikuonyeshe ukurasa wake wenye matangazo, na hapo hasira hunirudia, maana nimelipia ujanja wa televisheni ambao kazi yake iliyobaki ni kunichelewesha.

Anayetaka kununua asiiamini alama ya Kodi aliyoiona dukani. Aende na flashi yenye faili zake mwenyewe, mojawapo iwe imetoka kwenye DVD, na azisikilize palepale kwa muda wa kutosha. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4, kwa hiyo aulize kama televisheni inasoma mifumo mingine ya flashi, NTFS au exFAT. Anayependa Samsung au LG ajue kwamba maduka ya programu ya Tizen na webOS, mifumo inayoendesha televisheni hizo, hayana Kodi. Yana Plex, ambayo huhitaji kompyuta nyingine nyumbani ya kuhifadhi faili na kuzirusha. Muuzaji akikataa kuchomeka flashi, mlango uko wazi na maduka ni mengi.

Kuhusu nyota, niliandika tatu kwa ajili ya kioo, nikaongeza ya nne usiku ule wa matarumbeta, na nimezifuta sasa hivi baada ya kuiwasha na kukaa nikingoja tangazo la sabuni liishe. Naweka mbili. Duka halipati hata moja.