Seftriaksoni ya mshipa kwa mgonjwa wa nyumbani
Kwa mgonjwa aliyetulia, antibiotiki hii tunaipa alama za juu: gramu 1 au 2, mara moja tu kwa siku, basi muuguzi haji usiku. Gramu 1 huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano, kisha husukumwa polepole kwa dakika 2 hadi 4. Kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, husafishwa kwa salaini (maji ya chumvi) kabla na baada. Dozi ya kwanza itolewe kituoni, kwa hofu ya mzio.

Kasoro kubwa iko kwenye kisanduku cha dawa. Baadhi huuzwa pamoja na lidokeini, dawa ya ganzi, ambayo hapa ni ya sindano ya msuli pekee. Ikiingia mshipani inaweza kuvuruga moyo. Itengwe mapema! Dripu ya Ringer nayo isichanganywe na dawa hii, kwani kalsiamu yake huifanya igande chembechembe. Mkono ukivimba au kuuma, kanula itolewe mara moja.