Wanyama ishirini wa chuma waliookoa bunduki yangu ya upepo

Nilikuwa karibu kuiuza. Miaka miwili nilitoboa shabaha za karatasi kila Jumamosi kwenye shamba la mzee jirani yangu, hapa Ohio, na karatasi haijibu. Unapiga, unatembea, unainama kuchungulia tundu, unarudi. Mke wangu akaniita karani wa matundu.

Mwezi wa tano nikaagiza seti hii ya shabaha za chuma zenye umbo la wanyama, dola 46 pamoja na usafiri. Mchezo wenyewe, wa kuwaangusha kwa risasi, asili yake ni Mexico: kuku watano, nguruwe mwitu watano, bata mzinga watano na kondoo dume watano. Hawa wa bunduki ya upepo ni wadogo, sehemu moja ya kumi ya wale wa bunduki kubwa, nao husimamishwa yadi 20, 30, 36 na 45, kwa mpangilio huo huo. Unapiga umesimama, huegemei kitu, kuanzia kushoto kwenda kulia. Ukimkosa wa pili ukamwangusha wa tatu, umekosa, hata awe amelala chali mbele ya macho yako.

Siku ya kwanza niliangusha wanne kati ya ishirini. Wanne! Mimi niliyejisifu kwenye karatasi kwa sababu nilikuwa nimeegemea meza. Sasa nafika kumi na mmoja, kumi na mbili nikiamka vizuri. Kuku nimewazoea. Bata mzinga ndiye mchawi wangu: mrefu, mwembamba, miguu kama njiti, na kaupepo kadogo tu kanatosha kuipeleka risasi pembeni. Kondoo naye ana kiburi chake. Umguse mguuni, analia "ting!" anabaki amesimama, na asipoanguka hupati kitu.

Kasoro zipo. Rangi ilibanduka wiki ya kwanza. Nilinunua kopo la rangi nyeupe ya kupuliza na sasa napaka upya kila mara. Vitako vya kuku ni vyembamba mno. Siku moja upepo uliwalaza wawili kabla sijapakia bunduki, mzee akauliza kama nao nawahesabu. Tena kwenye boksi hamna hata ubao wa kuwapanga juu yake, ilibidi nikate mbao mwenyewe.

Tumia risasi laini za madini ya risasi tu, siyo vile vigololi vya chuma, maana vikigonga chuma vinakurudia usoni. Miwani vaa hata hivyo, yeyote aliyesimama karibu avae pia, na nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Nawapa nyota nne. Ya tano ningetoa kama wangeuza kuku mmoja mmoja wa akiba, kwa sababu wangu watatu wamepotelea kwenye majani. Tandika zulia kuukuu nyuma ya ubao tangu siku ya kwanza. Mimi nimelitandika juzi.