Darubini ya milimita 70 na pete za Zohali: msiirudishe dukani

Hii naandika kwa ajili ya wenzangu walionunua hizi darubini ndogo za milimita 70 (yaani upana wa kioo cha mbele), wakailenga sayari ya Zohali wakakuta pete hamna au kuna kamstari tu, wakaanza kumlaumu muuzaji. Jamani darubini ni nzima kabisa, ni pete zenyewe ndo zilikuwa kwenye msimu wa kujificha.

Iko hivi, Zohali imeinama kama nyuzi 27 na inalizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, na huo mwinamo unaelekea upande uleule mda wote, kwahiyo kuna miaka tunaziona pete kwa juu, kuna miaka kwa chini, na hapo katikati tunazikuta zimekaa ubavu. Zikikaa ubavu zinapotea, maana toka ncha hadi ncha ni kama kilomita 280,000 lakini unene sehemu nyingi ni mita chache tu, labda makumi. Ilitokea Septemba 2009 ikaja tena Machi 23, 2025, ila hiyo ya Machi Zohali angani ilikaa karibu mno na jua, haikuangalika. Novemba 2025 zikajibana tena, ukizitazama toka huku duniani zilikuwa zimeinama hata nyuzi 1 haifiki, nikaweka lenzi ya kuchungulia ya milimita 10 ambayo inakuza mara 70, nikaona kaduara ka njano kamepitiwa na uzi mwembamba kweli, unautafuta mpaka jicho linatoa machozi. Nilifurahi sana aisee. Yule mwanaanga Galileo 1610 aliona vitu viwili ubavuni mwa Zohali, 1612 akachungulia akakuta vimetoweka, akachanganyikiwa, mpaka 1659 mwanaanga mwingine, Huygens, ndo akaeleza kwamba ile ni pete. Na darubini yake Galileo ilikuwa hafifu kuliko hii yetu ya chini ya laki tatu!

Kioo chake basi nakisifu, hata ile lenzi ya milimita 20 inakuonyesha Titan, ule mwezi mkubwa, kama kanukta pembeni. Ila hayo maandishi ya kwenye boksi eti inakuza zaidi ya mara 500 yapuuzeni, kioo cha milimita 70 mwisho wake ni mara 140 hivi, ukiongeza kale kalenzi ka kuzidisha mara tatu unapata ukungu tu.

Tatizo ni stendi. Sisi huku Afrika Mashariki miaka hii Zohali inapita karibu na utosini kabisa, kwa picha ni raha maana hewa ya kuchungulia ni nyembamba, lakini ukiinua darubini hivyo kitako chake kinagonga miguu ya stendi, skrubu inateleza, ukigusa kidogo tu Zohali imeshatoka. Inaudhi!

Pamoja na hayo nawaambia nunueni sasa hivi, kwasababu pete zimeanza kufunguka upande wa kusini na zitaendelea kupanuka mpaka 2032, hapo hewa ikitulia hata ule mwanya mweusi unaotenganisha pete, wanauita wa Cassini, mtauona kwa kioo hikihiki, afu zinaanza kujifunga tena hadi 2038. Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja imeliwa na stendi. Mningʼinizieni begi la mawe katikati ya miguu isitikisike, na mwangalie Zohali ikiwa bado nusu ya anga, msisubiri ifike utosini.