Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele yenye hita ndani: digrii 60 ya kwenye kitufe siyo 60 ya kwenye maji

Hii mashine nimekaa nayo miezi nane sasa, naandika kwa sababu wakati natafuta mimi kila mtu alikuwa anasifia tu haina kelele na inakamua vizuri, joto la maji hakuna aliyeligusa, na mimi shida yangu ndo ilikuwa hiyohiyo. Taulo zilikuwa zinanuka hata zikitoka kuanikwa.

Ya zamani ilikuwa ile ya kufungua juu, mipira miwili, mmoja maji ya moto mwingine ya baridi, hita ndani haina, yaani inafulia kile ulichoipa. Sasa tangi la maji ya moto liko mbali, kwa hiyo yanatangulia kuingia yale yaliyolala kwenye bomba yakapoa, ya moto yenyewe yakifika mashine nayo inayachanganya na baridi, ukichovya mkono ni uvuguvugu wa kuogeshea mtoto. Nikawa nafungulia bomba la sinki kwanza mpaka yatoke ya moto ndo nawasha, ilisaidia kidogo. Nikahamia kuchemsha birika la umeme namwagia juu, kazi bure, birika moja kwenye lita hamsini linapandisha kama digrii mbili tu.

Hii mpya inachukua maji ya baridi peke yake halafu inayachemsha chini ya ngoma, hita yake wati 2000. Nikabonyeza 60, programu ya dakika 30, nikajua nimemaliza. Wapi! Mpira wa kutolea maji niliuelekeza kwenye ndoo, yale ya kwanza kutoka kabla haijasuuza nikapima na kipimajoto cha jikoni, 38. Muuzaji aliniapia kwamba 60 ni 60.

Kumbe ni hesabu tu. Lita 15 kutoka digrii 20 mpaka 60, hita ya wati 2000 inahitaji kama dakika 20, na hapo bado nguo na chuma chenyewe havijanyonya joto lao. Sasa kwenye dakika 30 ambazo ndani yake kuna kusuuza na kukamua, huo muda unatoka wapi? Programu ndefu ya pamba, ile ya masaa mawili na zaidi, ndo ilinipa 56 kwenye ndoo, na ndoo nayo inapoza kwa hiyo ndani nadhani ilifika. Ile ya eko msiitegemee kwa joto, inaokoa umeme kwa kufua muda mrefu na maji yasiyo moto sana, nguo zinatakata kweli, ila kama lengo lako ni wadudu wa vumbi kwenye mashuka au nguo za mgonjwa, achana nayo.

Tangu nihamie programu ndefu taulo hazinuki tena. Mashuka, foronya, matambaa ya jikoni yote naweka 60. Nguo za kawaida 40 inatosha kabisa, hata 30, sabuni za siku hizi zina vimeng'enya vinavyofanya kazi humo humo, kuzichemsha ni kuzichosha tu. Na doa la damu au yai jamani lianze na maji ya baridi, ukilianzia kwenye moto linaiva hapohapo kwenye kitambaa na halitoki ng'o. 90 nimejaribu mara moja, shuka la lastiki likatoka limelegea kama soksi ya zamani, sirudii.

Kinachoniudhi ni kwamba haionyeshi maji yamefika digrii ngapi, inaonyesha dakika zilizobaki tu, na hizo dakika zenyewe zinaongopa, zinaganda kwenye 40 we unasubiri maji yapate moto. Halafu kama maji yenu yana chokaa hita inavaa ukoko inachelewa zaidi, mimi naizungusha tupu na unga wa kutolea chokaa kila baada ya muda.

Ningenunua tena? Ndiyo. Nyota nne, ya tano nimeinyima ile programu ya dakika 30 mpaka waifutie hiyo namba 60.