Kitabu cha picha cha kumpa binti kabla ya harusi: kizuri, ila usiiachie programu ikupangie

Baba anayeozesha binti huwa na mawili kifuani: anafurahi mtoto kapata mwenza anayemfaa, na inamuuma kwamba nyumba itapwaya. Kuyasema hayo mbele ya watu, wengi hawawezi, na hapo ndipo kitabu cha picha cha kuagiza mtandaoni kinapomsaidia. Kwa kazi hiyo tunakipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni kwa sababu ya mpangilio wa kiotomatiki.

Programu za kutengenezea vitabu hivi humeza mamia ya picha na kukutolea kitabu ndani ya dakika chache. Lakini huchagua kwa ukali wa picha na mwanga, si kwa maana. Picha iliyofifia ya binti akijifunza baiskeli, mkono wa baba umeshika kiti kwa nyuma, itatupwa. Selfi za mahafali zitajaa. Tena hukata kingo ili picha ienee kwenye fremu, na ule mkono ndio unaoondoka kwanza. Zima kipengele hicho, panga kwa mkono wako.

Mara nyingi baba ndiye aliyekuwa akipiga picha, kwa hiyo hayumo. Ulizia kwa ndugu na majirani wa zamani kabla ya kuanza kupanga. Hata ile picha ambayo kivuli cha mpigaji kimeangukia miguuni mwa mtoto, iweke.

Picha za karatasi ziskani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa hivyo inaweza kuchapwa kwa sentimita 20 kwa 30 bila kuharibika. Ukiipiga kwa simu juu ya meza utapata mng'ao wa taa na kona zilizopinda. Iliyonata kwenye kioo cha fremu usiivute, maana rangi hubaki kwenye kioo: iskani hapo hapo na kioo chake. Za kutumiwa kwa WhatsApp ziombe zije kama faili, kwa sababu zikija kama picha za kawaida hupunguzwa ubora, na kasoro hiyo huonekana vizuri ikishachapwa.

Lipia zaidi upate jalada gumu na kurasa zinazofunguka bapa. Kitabu cha kugandishwa kwa gundi mgongoni humeza sentimita nzima ya katikati, na ukitandaza picha ya familia kwenye kurasa mbili, kuna mtu atapotelea humo. Karatasi isiyong'aa ni bora. Yenye mng'ao hushika alama za vidole. Picha zionekanazo sawa kwenye skrini hutoka na giza kidogo, basi ziongeze mwanga kabla ya kutuma.

Maneno chini ya picha yawe machache: mwaka, mahali, jambo moja lililotokea. Mawaidha ya ndoa yana wakati wake. Yale mazito ya moyoni yaandikwe kwa mkono ukurasa wa mbele, kwa kalamu ya wino usiofutika, na uache ukauke kabla ya kufunga. Wino wa jeli kwenye karatasi laini hupakaa.

Kosa kubwa kuliko yote linatokana na uchungu wenyewe: kitabu kinakomea kwenye mahafali, kana kwamba mchumba hajazaliwa. Binti ataliona hilo mara moja. Kurasa za mwisho ziwe za wao wawili, kisha acha kadhaa tupu kwa picha za harusi.

Agiza nakala mbili kwa pamoja, ya binti na ya kubaki nyumbani, kwani zikichapwa nyakati tofauti rangi zinaweza kutofautiana. Na agiza mapema kiasi cha kuwa na muda wa kuchapa upya, maana jina lililokosewa kwenye jalada halirekebishiki.